Siku Kiplombe Nzima Ilifikiria Jogoo

Jeruto, kaa chini. Ile video ya vijana wenye usonji wasioongea, ati wanasoma mawazo? Nimemwonyesha Shosh Wamucii, nyanya yetu, saa hii. Amecheka mpaka chai ikatoka kwa pua.

Kumbe kitu kama hicho kilifanyika hapa Kiplombe, miaka ya chama kimoja! Na Anko Ephantus wetu, asiyeongea!

Shosh alikuwa anamshika kiwiko, Ephantus anaonyesha herufi kwenye kadibodi na kidole. Watu wakasema kijana anasoma akili. Chifu akaja mbio, anataka kujua nani anachukia chama.

Majirani wakajazana sebuleni wakifikiria tu jogoo, alama ya chama, wasishukiwe. Watu wazima, Jeruto! Wamefunga macho wanawaza jogoo!

Chifu akasema, "Tuanze na mimi. Nafikiria nini?"

Kidole kikaenda herufi kwa herufi: CHIFU NI MWIZI.

CHIFU. NI. MWIZI. Mbele yake!

Sasa afanye nini? Akikubali kijana anasoma mawazo, amejishtaki mwenyewe. Akasimama: "Huyu hasomi akili ya mtu! Nisisikie hiyo maneno tena!" Akatoka.

Nikauliza, Shosh, kwani chifu alikuwa anafikiria hivyo?

"Chifu? Ni mimi nilikuwa nafikiria hivyo. Nilikuwa naamini kabisa ni Ephantus anaongea. Siku hiyo ndio nilijua ni mkono wangu."

Na yeye Anko?

"Hata hakuwa anaangalia kadibodi. Alikuwa anaangalia mandazi niliyomwekea chifu. Tangu siku hiyo, nikitaka kujua anataka nini, mimi namwangalia macho."