Foleni Iko Huku

Dada yangu mpendwa,

Kabla ya salamu, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: kila siku nawagawia watoto wa mtaa mzima chakula cha bure, halafu narudi nyumbani na njaa.

Sasa salamu. Hujambo huko kazini? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi na mama hatujambo, ila nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Mama anatoka kwenda kufua kwa watu kabla sijaamka, na likizo hii sina wa kuzungumza naye isipokuwa redio, nayo haijibu.

Unakumbuka jinsi jiko la shule lilivyokuwa likifungwa likizo, tukashindia chai ya rangi? Mwaka huu wameliacha wazi. Mwanzoni ilikuwa kwa watoto wadogo tu, kisha likabandikwa tangazo getini kwamba yeyote ambaye hajatimiza miaka kumi na minane aje ale, haulizwi kitu. Nilifurahi, dada. Nikaoga, nikavaa ile blauzi uliyoniachia, nikaenda.

Kosa langu ni kusimama mlangoni. Niliona aibu kuingia kwenye foleni ya watoto wanaonifika kiunoni, nikajibanza pembeni. Mpishi mkuu, ambaye akinong'ona anasikika barabarani, akauona urefu wangu huu, akamshukuru Mungu kwamba hatimaye ameletewa msaidizi. Kabla sijafungua mdomo nilikuwa na aproni shingoni na upawa mkononi. Shuleni tumefundishwa kuomba kwa adabu kwa lugha mbili. Siku hiyo zote mbili zilinikimbia.

Wasaidizi hula kinachobaki. Tangu tangazo lile watoto wamekuwa wengi hata sufuria zinakwanguliwa, na mpishi anatutania kwamba sisi wa jikoni tunashiba mvuke. Wenzangu wanacheka kwa sababu makwao kuna chakula. Mimi nacheka nao. Mama naye amewatangazia majirani kwamba binti yake anajitolea. Kwa kuwa anaamini ninakula huko, kile kidogo kilichopo anakibeba kazini. Nikimwambia ukweli ataniachia mimi, ashinde yeye na njaa.

Leo ndiyo imenivunja. Nilikuwa nakusanya sahani, nikakuta moja ina wali nusu. Nikageukia ukuta, nikala kwa vidole, haraka haraka. Kugeuka, mwenye sahani amesimama pale, msichana mdogo mwenye pengo. Nilidhani atanisema. Akanishika aproni, akaniambia kwa sauti ya siri, dada, foleni iko huku, njoo nikuoneshe. Nikamjibu nimeshiba. Nimeshiba, mimi! Nikaenda kulia kwenye stoo ya kuni.

Kesho nataka kuvua aproni kabla hawajaanza kupakua, nikasimame nyuma ya mtoto yule. Nakuandikia wewe ili nisiweze kughairi.

Nisalimie mwenzako wa chumbani, na ukipata nafasi uje, hata kwa siku moja.

Nasikia ndala za mama uani. Mkono umeshaifunika karatasi hii wenyewe, kama kawaida yake. Nimeuondoa. Akiuliza naandika nini, nitamsomea.

Ni mimi mdogo wako,
Mlingoti