Vidonge vya Maziwa vya Baba Shamila

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Usiku wa kumi na moja huu mume wangu hajalala! Tangu barua ya posa ya Shamila iingie humu ndani. Anageuka, anakohoa, ananiuliza saa. Eti ni mazoea ya reli — miaka thelathini alipokea treni za usiku kule Tura. Mwongo! Amestaafu mwaka juzi, na tangu hapo alikuwa akilala fofofo. Jumapili wageni wanakuja kuchukua jibu, naye macho mekundu kama kapuliza kuni mbichi. Watadhani hataki kumtoa binti. Na Shamila anamtaka kijana wake!

Nimepita kwa Majidi wa duka la dawa. Dawa ya usingizi hatoi bila cheti cha daktari. Kanipa kopo la vidonge, anasema ni peptidi. Nikamwambia aseme Kiswahili! Akacheka — ni vipande vidogo vidogo vya protini ya maziwa. Wapo vinaowatuliza, wapo wasioona kitu. Nisitarajie miujiza.

Jumanne, 3 Septemba
Miujiza ipo, ila ya kinyume. Mzee kaona vidonge vya maziwa sharti vishushwe na maziwa. Na yeye maziwa yake ni chai! Kikombe kikubwa, majani yamekolea, tangawizi juu. Akakesha. Kapiga rangi viatu vyote vya nyumba, na sendo zangu za kahawia — sasa nyeusi. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka. Siku nyingi sijamsikia.

Alhamisi, 5 Septemba
Sasa kidonge kwa maji, na kikombe cha maziwa matupu ya Imakulata, anayetuletea kutoka Kigwa. Imakulata kaliona kopo, kanuna. Ng'ombe wake wamekosa nini mpaka maziwa yapitie kiwandani?
Kalala kwa saa mbili. Si haba.

Ijumaa, 6 Septemba
Hajalala. Lakini amesema! Baada ya swala ya alfajiri, bila kunitazama. Kila akirudi zamu, Shamila ndiye aliyemfungulia mlango, tangu mdogo hajafikia komeo vizuri. Akiolewa nani atafungua?
Mimi nipo, nikamwambia.
Akasema mimi sifungui, nauliza kwanza ni nani.
Kweli! Nimelia kidogo, nimecheka zaidi. Kumbe ndilo lililokuwa likimkesheza, mume wangu maskini.

Jumapili, 8 Septemba
Naandika jikoni, haraka. Wageni wamefika saa tisa. Na mzee amelala! Alikula wali, akanywa mtindi, akajinyoosha sebuleni na kanzu yake mpya, dakika tano tu. Saa nzima sasa! Vidonge, mtindi au maneno ya Ijumaa — sijui, Mungu ndiye ajuaye.

Wageni nimewaweka barazani, mlango nimeurudisha. Kahawa ya pili hiyo. Mzee Ngollo, mshenga wao, kauliza kwa adabu kama jirani ana mashine ya kusaga. Ni koromo la mume wangu! Nimeona haya, na moyo umejaa furaha.

Mara mbili nimeenda kumgusa bega. Mara mbili Shamila kanishika mkono. Anasema mwache, mama, amechoka.

Ngollo anapiga hodi tena. Shamila kasimama mlangoni, mkono kwenye komeo — na hafungui.