Ndoo ya Maji ya Mama Mkwe

Jumamosi, 23 Juni 2018

Juu ya paa tangu asubuhi. Kofia imelowa, shati limelowa, hata mkanda umelowa. Bomba la mwisho nimelikaza saa tisa, nikashuka, nikanywa jagi zima la maji nikiwa nimesimama.

Paneli mbili juu, tangi kubwa gereji, pampu ndogo ya kuzungusha. Kazi safi. Najisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisifu. Njombe nimefunga mitambo ya maji ya jua kwenye nyumba za wageni sijui ngapi, na hakuna mgeni aliyewahi kuoga maji baridi kwa sababu yangu. Na baridi ya Njombe haina mzaha. Hapa Texas jua lote hili linamwagika bure, watu wanachemsha maji kwa umeme. Nilipofika nilidhani wananitania.

Paa la nyuma linatazama kaskazini barabara, nimepima kwa dira. Bahati iliyoje. Kama nyumba hii ya Mansfield ingejengwa kwa ajili yangu.

Hita ya zamani ya umeme nimeing'oa na kuigawa. Neema alisema nisubiri kwanza tuone. Sikusubiri. Mke wangu ni nesi, anapenda kila kitu kiwe na akiba yake pembeni.

Alhamisi, 19 Julai 2018

Maji yanaunguza. Neema ametoka bafuni akinilalamikia. Nimefurahi sana.

Jioni Wambui alipita. Ni Mkenya, tunasali naye Irving, ana saluni Carrollton. Kutwa wanaosha vichwa, kwa hiyo maji ya moto kwake ni kama unga kwa mpishi. Ndoto yangu iko pale. Nikimfungia yeye, wengine watafuata, na mimi naachana na kubeba mizigo ya watu ghalani uwanja wa ndege.

Akaweka mkono bombani, akautoa haraka. Nikadhani kazi nimepata. Mwanamke yule hashawishiki kirahisi.

"Festo, July hata bomba ya nje inatoa maji moto. Nitaku-judge December. Niki-touch hii maji December nisikie moto, saluni ni yako."

Desemba? Aje tu. Tena Desemba ndiyo Neema anajifungua, na mama yake anakuja kumkanda kwa maji ya moto. Nimempigia mama mkwe simu, nikamwahidi kwamba hapa kwangu hatabandika sufuria ya maji hata siku moja. Akacheka sana. Sijui alicheka nini.

Jumapili, 14 Oktoba 2018

Maji vuguvugu. Neema kasema "ya uvuguvugu" kwa sauti ya hospitali, ile ya kumwambia mgonjwa asiwe na wasiwasi.

Nimelaumu mawingu. Nimelaumu pampu, nikaifungua, nzima. Nimevisha mabomba yote koti jipya la kutunza joto kuanzia paani hadi gereji. Nimechoka na nimekasirika. Mtambo wenyewe hauna kosa hata moja, nimeukagua kama daktari.

Jumapili, 18 Novemba 2018

Mama mkwe ametua. Sweta tatu mwilini, begi moja la nguo, begi moja la vitu vya mtoto: vitenge na nepi za kitambaa, maana hizi za dukani anasema zinambabua mtoto. Nimefurahi kumwona. Pia naogopa.

Alikwenda kuoga. Nilikaa sebuleni nimezima televisheni, nasikiliza bomba. Sasa mkwe atamuuliza vipi mama mkwe habari za kuoga kwake? Haulizi. Kwetu huwezi hata kusimama karibu na mlango ule. Alipopita nikainamisha kichwa, nikamwambia pole na safari.

"Asante, baba. Maji yapo."

Yapo. Hakusema ya moto. Nimelala nikilitafuna neno hilo.

Jumatano, 5 Desemba 2018

Mtoto wa kike! Kilo tatu na ushei, mapafu ya mhubiri. Neema mzima. Nimelia mbele ya manesi, nao wakanipa kiti.

Jumatatu, 10 Desemba 2018

Aibu.

Kukanda kumeanza. Kazi yangu ni moja: kujaza ndoo bafuni, kuiweka mlangoni pa chumba cha Neema, kubisha, na kuondoka. Asubuhi na jioni. Mama mkwe anasubiri nyayo zangu zipotee, ndipo anafungua. Naye anadhani sisikii. Nasikia. Anaibeba ndoo kwa mlango wa pili hadi jikoni, kisha sufuria, kisha jiko linawashwa taratibu kama la mwizi. Mama wa watu katoka Njombe kuja kubandika maji Marekani, na anajificha nisione haya.

Na kila mara ananiambia, asante, baba. Bora angenitukana.

Neema kaniita kitandani. Hakupandisha sauti, ndiyo maana nimeogopa.

"Nakupenda, Festo. Lakini Jumatatu ijayo jioni maji yasipokuwa moto, Jumanne naagiza hita ya umeme. Na hayo mambo ya biashara ya jua tuyasahau, ubaki zako airport."

Nimemjibu sawa. Ana haki. Wambui naye katuma ujumbe, anakuja Jumatatu hiyohiyo kumwona mtoto. Mtoto na bomba langu.

Alhamisi, 13 Desemba 2018

Nimetoka kazini saa saba mchana. Nafika nyumbani, nepi! Mbele ya nyumba, barabarani kabisa. Zimetandazwa juu ya maua, nyingine kwenye kioo cha gari la Neema, na kitenge kimefunika sanduku la barua. Mtaa huu hakuna anayeanika hata soksi. Nimemfungia mama mkwe kamba nzuri kule nyuma. Nikaanza kuzikusanya mbiombio kabla jirani hajatoka.

Mama mkwe akatokea mlangoni. Nikamwambia kwa adabu kwamba kamba iko nyuma.

"Huko nyuma hakuna jua, baba. Tangu nije sijaliona. Jua linapita huku."

Akaonyesha kwa kidevu, akarudi kwa mjukuu wake.

Nikazunguka hadi nyuma, nepi mbichi mkononi. Ua wote kivuli. Kivuli cha nyumba kimelala mpaka kwenye uzio wa jirani, saa nane ya mchana. Nikainua macho. Paneli zangu mbili, safi, zimekaa kwenye kivuli hichohicho zimeangalia mbinguni upande ambao hakuna kitu.

Njombe iko kusini mwa ikweta. Kwetu jua la wakati wa baridi linapita kaskazini. Kila paneli niliyofunga maishani niliielekeza kaskazini, kwa hiyo na hizi mkono ukazipeleka hukohuko wenyewe, wala sikufikiri. Juni jua liko utosini, paa lolote linachemka. Sasa limeshuka kusini, maana Texas iko kaskazini mwa ikweta. Kusini, mbele ya nyumba! Nimeivuka ikweta kwa ndege, miaka saba naishi Texas, na kichwa kimebaki Njombe. Na nilipima kwa dira! Ningebahatisha bila dira huenda ningepatia.

Nimecheka mpaka nimekaa chini kwenye majani. Neema akafungua dirisha kuuliza nina nini. Nikamweleza. Naye akacheka, akasema mishono inauma, akaendelea kucheka.

Ijumaa, 14 Desemba 2018

Nimeomba ruhusa kazini. Nimempigia Wambui, nikamwambia ukweli wote kabla hajaja kuukuta. Akaangua kicheko kirefu.

"Wewe fundi! Kwetu Nairobi hata ungeziangalisha wapi zinge-work."

Saa nne akafika na mume wake na kamba mbili. Tumemwaga maji, tumeshusha paneli, tumezipandisha paa la mbele. Wambui kashikilia ngazi, kazi aliyoifanya kwa mdomo zaidi. Mama mkwe ametupikia wali na maharage, na kutoka dirishani hakuondoka. Jirani alitoka, akatazama, akauliza kama tunahamisha nyumba. Nikamwambia tunaigeuza.

Nimemaliza giza likiingia. Mabega hayainuki.

Jumamosi, 15 Desemba 2018

Mawingu. Kutwa. Nimetoka nje kuyatazama zaidi ya mtu anayesubiri mgeni. Jioni ndoo mlangoni, nyayo zangu, sufuria, jiko.

Sikula.

Jumapili, 16 Desemba 2018

Jua la nusu siku. Maji yamejitahidi. Jiko limewashwa, ila kwa muda mfupi. Nimeomba kanisani kuhusu hali ya hewa, jambo ambalo nilikuwa nawacheka wakulima kwalo.

Jumatatu, 17 Desemba 2018

Limechomoza halina wingu hata moja. Baridi kali nje, majani yana umande mweupe, na jua limekaa uso kwa uso na paneli zangu kuanzia asubuhi. Kazini sikuwa na akili. Boksi moja nimelipeleka sehemu siyo, mara mbili.

Jioni nimefika, Wambui yuko jikoni na mtoto begani. Kama ameshatia mkono bombani, hajasema. Ameniuliza tu saluni yake inaangalia upande gani, maana yeye hana dira. Nikamwambia nitakuja kuangalia jua, dira nimeachana nayo.

Kisha kazi yangu. Nimejaza ndoo bafuni, mvuke umenipanda usoni. Nimeiweka mlangoni, nimebisha, nimeondoka. Nikasimama kwenye kona ya korido, kosa la adabu, najua. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Nikasubiri mlango wa pili. Haukufunguliwa. Jikoni sufuria haikugonga, jiko halikuwashwa. Halafu nikasikia Neema anapiga yowe dogo chumbani, na mama yake anamwambia vumilia, mwanangu, ndivyo yanavyotakiwa.

Sikuondoka haraka. Mama mkwe aliniita bila kufungua.

"Baba."

"Naam, Mama."

"Kesho uniletee na ndoo ya baridi. Ya kuchanganyia."

Nikasema sawa.

Nimekwenda gereji. Nimetafuta ndoo ya pili, ile ya bluu yenye madoa ya rangi. Nimeiosha vizuri, nimeiweka mlangoni.