Kisu Kwenye Leso

Jumatatu, 3 Juni 2024

Jirani yangu Phelis amenyang'anywa simu jana, saa sita mchana! Kwenye kijia cha katikati ya majani chai, kile kile ninachopita mimi na kikapu. Kaka yangu Omosa, askari wa geti, anasema nisitembee mikono mitupu. Kisu changu cha mboga kimevunjika mpini. Nimenunua kipya sokoni Kapsoit — kifupi, mpini mweusi, kinakaa vizuri kwenye leso kiunoni. Phelis akauliza cha nini. Nikasema cha viazi. Sijui kwa nini nilidanganya.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi nyuma ya nyumba na Omosa. Mgomba ndio mwizi. Sheria yake ni moja: piga kelele kwanza, "Kaa mbali!", kisu baadaye. Mimi naona haya, majirani watasikia. Nikanong'ona. Omosa alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mgomba niliukata vizuri!

Ijumaa, 7 Juni

Ee Mungu.

Mvua. Kikapu kimejaa. Hatua nyuma yangu, halafu sauti ya mwanamume: "Pora! Pora nichukue kikapu!"

Sikupiga kelele. Niligeuka nikakata.

Kumbe ni mzee Sigilai, jirani yetu Mkipsigis. Ameshika kiganja, damu inatiririka. "Mama Sagini, nilitaka kukusaitia tu."

Bora. Alisema bora nichukue kikapu. Miaka kumi na moja namsikia akiita bora "pora", mpaka watoto wangu humwiga na mimi huwakanya. Leo mimi nikasikia kuporwa. Ingekuwa sauti ya Mkisii mwenzangu, ningetazama kwanza. Najua ningetazama.

Nikakimbia. Nimemwacha mzee kwenye mvua.

Jumamosi, 8 Juni

Phelis anasema mzee Sigilai amejikata na panga akipogoa chai. Nyuzi saba! Mzee mwenyewe ndiye anawaambia watu hivyo. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale pale. Nikasema "pole yake". Pole yake! Naona aibu hata kuandika.

Jumanne, 11 Juni

Leo majirani wote tunamchunia mzee majani, mkono wake haushiki kitu. Akina mama tutapika kwake. Nimeamka na maneno yangu tayari: Mzee, nisamehe, ni mimi. Nimeyarudia kwa kunong'ona, kama ule ujinga wa mgombani.

Phelis yuko mlangoni ananiharakisha. Nimemwambia natafuta leso. Anasema mke wa mzee ameomba kila mama aje na kisu chake, kuna gunia zima la kabichi, na mzee mwenyewe ameketi hapo hapo nje ya jikoni, anasalimia kila anayeingia.

Nimevuta droo. Cha mboga bado hakina mpini. Kile kingine nimekiosha mara nne.

Nimemwambia Phelis sina kisu.

Anacheka. Ati si niko na kile kipya cha viazi —