Jembe la Eropleni

Jumatano, 3 Julai 2024

Baridi ya kukata masikio. Timoth kapiga simu kutoka Laela – Jumamosi wanaleta mahari, na jembe la mila la kuanzishia nyumba limepatikana! Si la dukani. Babu wa babu yake, mhunzi, alilifua kutoka kwenye injini ya ile ndege ya kivita iliyoanguka mlimani kwetu enzi za Mjerumani. Nimefurahi mpaka nikaunguza maharage. Mama kanisema weee.

Alhamisi, 4 Julai

Mambo yameharibika. Babu Zenon kasikia habari za jembe, anauliza hiyo eropleni ilianguka kwa nini. Bibi kasema ni upepo wa Ufipa huu huu unaong'oa mabati. Jirani Alois kasema mafuta yaliisha. Babu hataki ya kubahatisha.

"Kitu kilichoanguka bila sababu hakianzishi nyumba ya mjukuu wangu."

Na la dukani hataki hata kuliona. Wazee! Nimelia, nikacheka, nikalia tena.

Ijumaa, 5 Julai

Timoth wangu ana akili! Kampata Bwana Faruk, mtaalamu wa ndege za kale, kwao ni hapo mjini, ndugu wa wale wenye duka la vitambaa. Miaka yote anaitafuta injini hiyo hiyo. Alipoambiwa ilishakuwa jembe, alikaa chini kwanza. Halafu akaomba kuja nao kesho. Huyo ndiye wa kumjibu Babu.

Jumamosi, 6 Julai

Wamefika. Niko chumbani na shangazi Josefina, sitakiwi kuonekana. Naandikia magotini. Wageni wametengewa pombe ya ulezi, Bwana Faruk chai. Jembe kalikumbatia yeye, hamwachii hata mshenga! Shangazi kashika mbavu kwa kucheka.

Babu kamuuliza Bwana Faruk swali lake.

"Mzee, sijui. Nimesoma kila kilichoandikwa. Hakuna anayejua."

Yesu wangu! Si angesema upepo tu?

Timoth anakohoa – kile kikohozi chake cha woga. Babu kaomba alishike jembe. Analigonga kwa kucha. Analigonga tena. Anasema afadhali huyu anayekiri hajui, wengine wote wamemjia na majibu ya kubahatisha.

Shangazi anachungulia mlangoni. Babu kamwita Bibi amletee mpini. Mpini! Bwana Faruk kasimama ghafla, anauliza wa nini. Babu keshavua koti, anaelekea shambani kulilimia. Kalikubali! Na Bwana Faruk –