Picha Iliyosimamishwa

Barking, 11 Januari 2025

Haifa mwanangu,

Kabla ya salamu nikwambie kosa la watu wengi wanapotazama picha ya eksirei: wakishaona kitu kimoja, huacha kutafuta cha pili. Jicho lina uvivu wa mtu aliyeshiba. Miaka thelathini na moja nilipiga picha za mifupa katika hospitali za mji huu, na kila mwanafunzi niliyemfundisha nilianza naye hapo.

Sasa salamu. Hujambo wewe, na mama yako mdogo Zainab hajambo? Mimi mzima. Masikio tu ndiyo yamegombana na simu, kwa hiyo endelea kuniandikia kwa barua pepe.

Nimezitazama picha mbili za goti ulizonitumia baada ya kuteleza kwenye ngazi za basi. Katika ile ya mbele utaona pia ya goti, kile kifupa kinachofunika goti kwa mbele, ina kipande kidogo pembeni, juu, upande wa nje, kama kona ya biskuti iliyomegwa. Usiogope. Kingo zake ni laini, za mviringo. Mfupa uliovunjika juzi huwa na kingo kali. Hicho umezaliwa nacho: vipande viwili havikuungana utotoni, na wako watu wanaotembea hivyo hadi uzeeni wasijue. Daktari asiye na uzoefu angekufunga plasta bure.

Kwa hiyo mfupa mzima, goti limeteguka tu. Umeniuliza kama uende ile kliniki waliyokupangia hospitali Alhamisi au urudi kazini. Rudi kazini, mwanangu.

Mjomba wako,
Msabaha


Hounslow, 19 Januari 2025

Mjomba, shikamoo.

Sote wazima, isipokuwa goti. Barua yako nilimsomea mama mdogo, akasema, "Si nilikwambia? Hospitali hizi kazi yao kuwapanga watu foleni." Nikafuta miadi ya kliniki, nikarudi dukani kwetu uwanja wa ndege. Siku nne nimesimama, muda wa saa nane kila siku. Siku ya tatu Jaspal, msimamizi wetu, akaniuliza kama nafundisha bata kutembea. Nikacheka. Bado nimo katika miezi ya majaribio, na msimamizi akikutania utaacha vipi kucheka?

Goti limejaa. Kila jioni mama mdogo ananichua kwa mafuta ya karafuu aliyoletewa kutoka Pemba. "Tulia, damu hiyo imeganda, naitawanya." Nikilia anasema nimelelewa kwenye hita. Kusujudu siwezi tena. Naswali juu ya kiti cha jikoni.

Mjomba, sina shaka na maneno yako. Nauliza tu: mtu aliyeteguka, akikanyaga, huhisi maumivu ndani ya mfupa? Maana hii si nyama inayouma.

Mpwa wako,
Haifa


Barking, 20 Januari 2025, asubuhi

Haifa,

Salamu leo zitangoja. Usiukanyage tena mguu huo tangu usomapo mstari huu.

Nimeirudia picha yako ya ubavu. Ulinitumia imesimama, nami nikaitazama imesimama, hali wewe ulipigwa picha umelala chali, mguu umenyooshwa. Sasa nimeigeuza simu ili picha ilale kama ulivyolala wewe. Juu kidogo ya pia ya goti, ndani ya mfuko wa maji ya kiungo, kuna mstari ulionyooka kama uso wa maji katika gilasi. Juu ya mstari pana weusi zaidi, chini yake pana weupe.

Unaujua mchuzi wa nyama ukipoa: mafuta hupanda, supu hubaki chini. Ndivyo ilivyo ndani ya goti lako. Chini ni damu, juu ni mafuta, na mafuta hayo yametoka kwenye uboho, ndani ya mfupa. Ukiuona mstari huo, jua mfupa umepasuka mahali, hata kama ufa wenyewe huuoni. Mara nyingi ni kichwa cha mfupa wa muundi, pale mfupa wa paja unapokalia. Kila unaposimama dukani, unakikandamiza kishuke.

Mstari ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Nilifurahia kile kipande cha biskuti, nikakupa somo, nikashiba. Kliniki niliyokufanya uifute pengine wangeuona. Nimekukosea.

Mwambie Zainab aweke chupa yake ya karafuu chini. Chukua teksi, usipande basi, urudi idara ya dharura. Waonyeshe picha ikiwa imelazwa, useme: "Kuna mafuta juu ya damu. Naomba CT skani."

Mjomba wako,
Msabaha


Hounslow, 3 Februari 2025

Mjomba, shikamoo, na tena shikamoo.

Hii ni barua ya tatu tangu hospitali. Mbili za kwanza hukuzijibu, na mama mdogo anasema u mzima, kwa hiyo najua umejificha.

Narudia habari, usije ukasema hukuzipata. CT imeonyesha ufa kwenye kichwa cha muundi, na upande mmoja umeshuka milimita mbili. Upande huo usiposhuka zaidi, hawanipasui. Ukishuka, wataweka chuma. Wiki sita nisikanyage, na tarehe kumi na saba wanapiga picha nyingine. Jaspal amesema nafasi yangu ipo, bata wake wataningoja.

Daktari, Damyanti jina lake, aliniuliza, "Nani amekufundisha kuilaza picha?" Nikamwambia, mjomba wangu. "Na nani alikwambia ufute kliniki?" Nikamwambia, huyo huyo. Akaniangalia sana.

Mama mdogo ameificha chupa ya karafuu nyuma ya unga, anadhani sijui. Ndiye aliyeniambia kwamba pale msikitini watu wakikuletea picha zao kwenye simu siku hizi unawarudisha, unasema macho yamezeeka. Mjomba, wewe ulinirudisha kazini siku nne, na wewe ndiye uliyenitoa. Ukiacha kutazama, wa kumtoa mwingine nani?

Mimi sijambo. Magongo nayaacha mlangoni, chumba chenyewe kidogo. Kwenda jikoni ni hatua tatu tu, narukaruka, nikichoka nagusa chini kidogo.

Mpwa wako,
Haifa


Barking, 9 Februari 2025

Haifa mwanangu,

Salamu kwako na kwa Zainab, na mwambie mafuta ya karafuu hayana kosa, ila si ya mfupa uliopasuka. Barua zako zote tatu nilizipata. Nilikuwa naona haya.

Ijumaa jirani yangu Telesphor alinigongea na picha ya goti la mkewe. Nilianza kumwambia macho yamezeeka, nikakumbuka ulivyoandika. Nikavaa miwani. Nikaigeuza simu ubavu. Nikaona kitu, nikakitaja, nikaendelea kutafuta. Mwisho nikamwambia, "Haya ni maoni ya jirani. Kliniki mliyopangiwa, nendeni." Ni maneno mafupi, nami sikukwambia.

Nimeisoma mara mbili ile habari ya jikoni. Milimita mbili zinaweza kupona zenyewe. Ya tatu, ile ya kuwekwa chuma, itaanza na kugusa chini kidogo unakokusema, na hadi tarehe kumi na saba zimebaki siku nane.

Leo yatoe magongo mlangoni, yalaze kando ya kitanda chako, na usiondoke hapo bila hayo.

Mjomba wako,
Msabaha