Si Chini ya Sita

Keringet, 9 Machi 2025

Mpendwa Chelagat,

Hujambo, binti wa kaka yangu? Huku tuko salama, ila mvua imekawia.

Wewe unayefanya kazi na wapima mifupa huko Nakuru, nieleze. Mlima ulipoporomoka miaka ile ukawafunika wavunaji wa viazi, tuliwalilia watu saba. Sasa tingatinga limefukua mifupa yao na ninyi mmeandika sita. Kwa kuwa hakuna aliyemwona Kiptanui wangu shambani asubuhi ile, kamati ya mazishi inaniambia, "Truphosa, wako alitoroka, ana mwingine mjini." Kiptanui! Mtu aliyekuwa akiaga hata akienda chooni! Mlihesabuje?

Shangazi yako,
Truphosa

Nakuru, 14 Machi

Chamgei shangazi,

Pole sana. Mifupa ilichanganyikana na mingi ilisagika. Kila mtu ana mfupa mmoja wa paja la kushoto, basi tulihesabu hiyo, tukapata sita. Ndiyo maana tuliandika "si chini ya sita". Nimempigia mwenyekiti wa kamati, ananijibu, "Msichana, sita ni sita." Waombe wasubiri, bado tunasafisha vipande vidogo.

Chelagat wako

Keringet, 31 Machi

Chelagat,

Natumaini u mzima. Hawakusubiri. Mifupa ilipoletwa, waliigawa kwenye majeneza sita, paja hapa, mbavu pale, wakazika nyuma ya kanisa. Wajane wengine walikaa mbele. Mimi nilipelekwa kuchemsha chai.

Shangazi

Nakuru, 22 Aprili

Shangazi mpendwa,

Umeamkaje? Keti kwanza. Kwenye vipande vilivyobaki huku tumepata mifupa ya ndani ya sikio, ile migumu. Ya kushoto ni saba. Kiptanui hakutoroka. Kamati imeandikiwa. Lakini mifupa yake mingine ilizikwa pamoja na ya wenzake, na sijui iko kaburi lipi. Nisamehe.

Chelagat

Keringet, 4 Mei

Mwanangu,

Nimepokea salamu zako, nami nakuombea afya. Mwenyekiti alisoma barua yenu kanisani huku akikohoa. Akaahidi msalaba wa saba. Nikamuuliza utasimikwa wapi, akaikunja barua na kuomba wimbo wa kufunga.

Basi jana nilichukua jembe, nikaanza kupalilia makaburi yote sita. Mama Abby akaja mbio. "Truphosa! Unatafuta nini kwa mume wangu?"

"Sogea kidogo," nikamwambia. "Wangu pia yumo humu."

Alisimama pale, mikono kiunoni. Kisha akasogea.

Shangazi yako,
mke wa Kiptanui